Wasiokula nyama hapa Dar: hivi maharage ya mama ntilie yanapikwa na nini?

#1 Mla Majani wa Posta
Wakuu habari za mchana. Nina mwaka na miezi minne sijagusa nyama, kuku wala samaki. Sababu zangu nabaki nazo, sijaja kumbadilisha mtu, na wale wa "kwani unaumwa?" piteni kushoto. Mayai na maziwa natumia.

Kazi yangu iko Posta kwahiyo mchana nakula kwa mama ntilie kama kila mtu. Mwanzoni nilijiona nimepata maana chakula changu kiko kila kona, wali maharage, ugali mchicha, kisamvu, makande. Sasa juzi nimeagiza wali maharage sehemu ninayokula siku zote, kijiko cha kwanza tu nikasema hii ni supu ya ng'ombe. Nikamuuliza dada anayepakua akanijibu "kaka hakuna nyama humo, hebu tafuta kama utaiona". Nikatafuta kweli mbele ya wateja wenzangu, hakuna hata kipande. Ila ladha ipo. Tangu siku hiyo nimehama vibanda vitatu na viwili kati ya hivyo ladha ni ileile.

Maswali mawili. Maharage ya mjini yanapikwa na nini? Na mtu wa aina yangu anakula wapi hapa Dar bila kuuza figo?

#2 Kitimoto na Ndizi
Niko siti ya mbele kabisa, mnaokuja msinizibe. Mkuu umekaa unachokonoa sahani ya maharage kutafuta nyama ili ukiipata uikasirikie, sisi wengine tunaitafuta ili tufurahi na hatuipati 😂

#3 BintiJiko
Mimi nitasema ukweli na watu wasinune. Mama yangu mdogo ana banda la chakula Buguruni, likizo zote nilikuwa namsaidia. Saa kumi alfajiri sufuria la kwanza kukaa jikoni ni la nyama. Inachemka na chumvi na tangawizi mpaka inaiva, ile supu inagawanywa, nyingine inauzwa asubuhi na chapati, nyingine inaenda kwenye pilau, ile inayobaki chini na vifupa inaungiwa maharage. Na hapo mteja ndo anasema leo maharage matamu. Kumwaga supu ni dhambi kubwa kwa mfanyabiashara.

#4 Mzee wa Feri
BintiJiko hiyo ni kwenu. Mimi nimekula kwa mama ntilie tangu mjini hakuna hata daladala za kugombania, tatizo ni upawa. Angalia mpangilio wa sufuria, nyama, samaki wa nazi, maharage, mchicha, na upawa ni mmoja au miwili. Dada anachota mchuzi wa nyama, mteja wa pili anataka maharage, upawa uleule unazama. Ukifika saa tisa hayo maharage yameshakula nyama zaidi yako.

Halafu kuna ile ya "nipigie mchuzi". Wali ukiwa mkavu dada anakurushia mchuzi wa nyama juu hata hujaomba, anakuhurumia. Jina lenyewe linatokana na mama nitilie, kwahiyo usimlaumu akikutilia.

#5 Fundi Gesi
Mmekosa wote. Ni mafuta. Yale yaliyokaangia samaki na kuku hayamwagwi, ndo yanayokaangia kitunguu cha maharage. Mkitaka kujua angalieni rangi, mafuta mapya yanakuwa kama maji, yale mengine yana rangi ya soda. Na hapa nawakumbusha ndugu zangu wa chipsi, mnajiona hamli nyama mkila zege, zile chipsi zimeogelea kwenye karai moja na mapaja ya kuku.

#6 Shangazi wa Tabata
Wanangu nimewasoma nikacheka. Mimi ndo mama ntilie mwenyewe, mwaka wa kumi na moja huu. BintiJiko nakuheshimu mwanangu ila piga hesabu. Bakuli la supu asubuhi nauza elfu mbili, na mwenye hangover ananunua mawili. Sahani ya wali maharage nayo elfu mbili. Nichukue supu ya kuuza niimwage kwenye maharage ili nipate nini? Ili niwafurahishe?

Ladha mnayoisema ni ya kuunga. Kitunguu nakikaanga taratibu mpaka kinakuwa kahawia, siyo kile cha kulainika tu, nyanya inakaa mpaka mafuta yajitenge, karoti, hoho kidogo, na yale maji yaliyochemshia maharage simwagi, ndo mchuzi wenyewe. Nikimaliza na nazi ukionja utasema kuna ng'ombe. Wengine wanachemshia magadi ili yaive haraka na kuokoa mkaa, hayo yana ladha yake ya kipekee, huenda ndo unaisikia.

#7 Mla Majani wa Posta
Shangazi shikamoo. Magadi nayajua, mama yangu alikuwa anapikia makande. Hii si magadi, hii ina ule utando wa mafuta unaoganda kwenye mdomo wa juu chakula kikipoa. Nazi haigandi hivyo.

#8 Shangazi wa Tabata
Marahaba. Ukiganda mdomoni hiyo ni mafuta ya kupikia ya mgando, si lazima ng'ombe. Njoo Tabata nikupikie uache maneno.

#9 BintiJiko
Shangazi shikamoo. Hesabu yako ni ya banda linalomaliza supu. Wapo ambao saa nne asubuhi supu imebaki robo sufuria na wateja wa supu wameshaenda kazini. Hiyo robo inaenda wapi? Mimi niliishika kwa mikono yangu.

#10 Chumvi ya Mawe
Ongezeni na ile ya nne, viungo vya pakiti. Siku hizi kila mboga inawekwa ile poda ya mchuzi au kile kidonge, nyingine zimeandikwa kabisa ladha ya nyama, mpishi anaweka kwenye maharage, kwenye mchicha, kwenye wali, na akikuambia hajaweka nyama hajadanganya.

#11 Dada wa Upanga
Swali la pili naona mnalikimbia. Mkuu uko Posta halafu unalia njaa? Tembea mpaka Kisutu dakika kumi. Mtaa wa Pramukh Swami, ambao wakubwa bado wanauita mtaa wa Kisutu, kuna mahekalu ya Wahindi na kuzunguka pale kuna migahawa ambayo nyama haijawahi kuingia jikoni, hata yai. Agiza thali, unaletewa sinia lina vibakuli, dali, mboga mbili tatu, mtindi, achari, chapati na wali. Sehemu nyingi za thali ukimaliza kibakuli wanaongeza bila kukuuliza. Ukitaka vya kushikashika tu, K Tea Shop kuna chai, kachori na bajia, jioni unapigana vikumbo kupata kiti.

Mimi si Mhindi ila nimekulia Upanga, hivyo vyakula ni vya kwetu.

#12 Mla Majani wa Posta
Asante dada. Hiyo thali bei gani?

#13 Dada wa Upanga
Inategemea mgahawa, mara ya mwisho nililipa elfu kumi na tano na chai juu.

#14 Kitimoto na Ndizi
Elfu kumi na tano kwa ajili ya majani! Hapo napata nusu kilo ya rosti na ndizi mbili na bado nauli ya kurudi Mbezi.

#15 Mswahili wa Jamhuri
Dada wa Upanga umesema vizuri ila watu wasije wakaingia duka lolote la Mhindi wakidhani wako salama. Mabohora, Waismailia, Wagoa, hao wanakula nyama kama mimi na wewe, na mishkaki ya katikati ya mji mitamu kabisa iko mitaa hiyohiyo. Wasiokula ni Wahindu wengi, si wote, na Majaini. Mjaini aliyeshika dini hali hata kitunguu, kiazi wala karoti, chochote kinachong'olewa ardhini na mizizi yake. Nilifanya kazi kwa tajiri mmoja Mjaini, sherehe ya ofisi chakula kilikuja bila kitunguu na nikala sahani mbili. Mpaka leo sijui walipata wapi utamu ule. Kwahiyo hoja ya Shangazi ya kitunguu kahawia ina maswali.

#16 Shangazi wa Tabata
Hao wana hing, wanaita mvuje huku kwetu. Unaweka chembe tu. Usiniletee maswali jikoni kwangu.

#17 Mpare Halisi
Nashangaa hakuna aliyetutaja Wasabato. Baadhi yetu nyama tumeacha zamani na mjini tunaishi. Wakati wa makambi nenda kwenye mahema ya chakula utakuta nyama ya soya, vile vipande vikavu vinavyolowekwa kwenye maji ya moto, unakamua, unaunga kama rosti. Mtu mgeni hajui mpaka umwambie. Mkuu labda ulichokula ndo hicho kikavunjikavunjika humo 😀

Ila sisi Wasabato wa ofisini siri yetu ni hotpoti. Unabeba nyumbani, kelele zinaisha.

#18 Otieno wa Parklands
Niaje watu wa Bongo. Huku Nairobi sijawahi kuwa na hiyo shida, ukienda kibandaski unapiga chapo madondo, yaani chapati na maharage, ama ndengu, au githeri, bei poa. Na ukiwa na pesa kidogo nenda Diamond Plaza hapa Parklands, ukikanyaga tu mawaita kumi wanakuvamia na menyu kumi, ni kelele lakini chakula ya Wahindi bila nyama ni tele. Ila sasa mmenitia wasiwasi, madondo zangu huwa tamu kuliko kawaida...

#19 Fundi Gesi
Karibu kwenye chama Otieno. Lakini dengu na choroko mnaelewana huko? Nilienda Nairobi nikaagiza ndengu nikitegemea dengu za bajia, nikaletewa choroko.

#20 Otieno wa Parklands
Ndengu ndio hizo za kijani ndogo bana, nyinyi ndio mnaita majina ya ajabu.

#21 Mkulima wa Nachingwea
Wote mnakula vya watu na hamjui vinatoka wapi. Dengu, choroko, mbaazi, India ni mnunuzi mkubwa. Sisi huku Lindi na Mtwara mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi kuingia kwao, bei ilianguka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani zikauke. Ule mwaka tulikula mbaazi asubuhi, mchana na usiku, za nazi, za chumvi, na maandazi, bila maandazi. Kwahiyo mimi mtu akiniambia "hali nyama kwa hiari" naomba anieleze polepole.

#22 Mzee wa Feri
Pole sana mkulima. Lakini uzi ulikuwa wa upawa.

#23 Kitimoto na Ndizi
Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mama ntilie akikamatwa na supu anasingizia kitunguu 😂😂 Shangazi natania, weka lokesheni nije.

#24 Mtoto wa Ruwi
Niko Muscat. Huku Ruwi migahawa ya Kihindi ya bila nyama ni mingi na imeandika kabisa kibaoni, unaingia hujauliza swali. Halafu pakiti za vyakula kutoka India zina alama, kijiduara cha kijani ndani ya kiboksi maana yake hakuna nyama wala yai, ya kahawia maana yake ipo. Hata Dar kwenye maduka ya Kisutu mtaiona kwenye biskuti na viungo. Mkuu wa Posta tumia hiyo kwenye hoja ya viungo vya pakiti, geuza pakiti uangalie.

#25 Mla Majani wa Posta
Mkuu niende kwa mama ntilie nimwambie naomba kuona pakiti yako ya kiungo? Nitapigwa na upawa huohuo mmoja.

#26 Nyanya Chungu
Mimi ni mwanamke sili nyama mwaka wa sita, Sinza. Shida kubwa ni lugha kabla hata ya supu. Hapa Dar ukimwambia mtu "mimi nakula mboga tu" umeongea nini? Mboga ni chochote kinacholiwa na ugali! "Leo mboga gani?" "Mboga nyama." Nimewahi kwenda ukweni nikasema nakula mboga, mama mkwe akaleta kuku mzima maana mgeni anastahili mboga nzuri. Ukisema "mboga za majani" unaletewa mchicha wenye dagaa. Ukisema "sili nyama" unaletewa samaki, kwasababu kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe na mbuzi, kuku ni kuku na samaki ni samaki. Siku hizi nataja moja moja kama mwalimu anaita mahudhurio, sitaki nyama, sitaki kuku, sitaki samaki, sitaki dagaa, sitaki mchuzi wake. Halafu namalizia "nina aleji". Neno aleji ndo linafanya kazi, imani na hiari hazisikilizwi.

Kwahiyo yule dada wa #1 hajadanganya. Umeuliza nyama, yeye anajua nyama ni kipande.

#27 Mla Majani wa Posta
Daah. Dada hapo umenimaliza. Nimekuwa nasema "sili nyama" mwaka mzima.

#28 Chumvi ya Mawe
Na urojo je? Mix ya Zanzibar mimi naomba bila mishkaki na bila yai, kachori, bajia, viazi, chatne ya nazi na ule mchuzi wa embe.

#29 Nyanya Chungu
Urojo ni rafiki yetu. Uliza tu bajia zimekaangwa wapi, rudi kwa Fundi Gesi #5.

#30 Teja la Injera
Mmesahau Wahabeshi. Kuna mgahawa wao Addis in Dar, agiza sinia la bila nyama, injera moja kubwa (ule mkate wao laini kama chapati) na vilima vya rangi juu yake, adesi, kabichi, shiro (rojo la unga wa dengu). Waethiopia Waorthodoksi wanafunga Jumatano na Ijumaa hawali nyama, maziwa, mayai wala siagi, kwahiyo wapishi wao wanajua kupika bila mnyama toka utotoni, si kwa kuondoa kipande sahani ikiwa tayari.

#31 Mswahili wa Jamhuri
Nakazia ila narekebisha kidogo. Siku ambayo si ya mfungo shiro inaweza kuungwa na siagi yao yenye viungo. Kwa mleta uzi haina neno maana anatumia maziwa, asiyetumia aseme anataka ya mfungo. Wahindi nao vilevile, samli na mtindi viko kila mahali, ila yai hapana, hata keki kule Kisutu zipo za bila yai.

#32 Nesi wa Zamu
Napita tu. Mleta uzi, mayai na maziwa usiache, vitamini B12 kwenye majani hakuna. Anayeacha vyote aongee na daktari kuhusu vidonge. Endeleeni.

#33 Kitimoto na Ndizi
Mimi nina nadharia ya mwisho. Hakuna supu, hakuna upawa, hakuna mafuta. Mwili wako una hamu ya nyama. Ulimi unaota mchana. Nilipoacha sigara nilikuwa nasikia harufu ya sigara kanisani.

#34 Mla Majani wa Posta
Kitimoto leo ndo umeongea cha maana tangu uzi uanze na sitaki kiwe kweli.

Mrejesho wakuu. Leo nimerudi kwenye kibanda changu cha siku zote, mapema kabla foleni haijaanza, saa tano na nusu. Mama mwenyewe alikuwepo, nikamsalimia, nikanunua chai kwanza ili nisionekane mpelelezi. Nikamwambia mama, mimi nina aleji na nyama, na supu yake, na mafuta yake (asante Nyanya Chungu), maharage yako naweza kula? Akaniangalia sana. Akasema "mwanangu haya ya leo kula, ya Jumatatu na Alhamisi usile". Nikamuuliza kwanini Jumatatu na Alhamisi. Akasema "siku hizo anapika Mwajuma". Basi, akaondoka kwenda kugeuza wali.

Nimekula. Hayana ile ladha kabisa. Juzi niliyolalamika ilikuwa Alhamisi.

#35 BintiJiko
SUPU. Nilisema. Mwajuma anaungia supu.

#36 Mzee wa Feri
Hajasema supu. Inawezekana Mwajuma ana upawa mmoja na mama ana mitatu. Na umekula saa tano na nusu, upawa ulikuwa bado msafi! Rudi saa tisa ndo uje uongee.

#37 Fundi Gesi
Jumatatu mafuta ya wikiendi bado yapo. Fikirieni.

#38 Shangazi wa Tabata
Mwajuma wa watu mnamhukumu hayupo. Msichana anaweza akawa anajua kuunga kuliko bosi wake, bosi ana wivu.

#39 Nyanya Chungu
😂😂 Shangazi! Mleta uzi, kesho muulize Mwajuma mwenyewe, na usiseme nyama.

#40 Mla Majani wa Posta
Kesho ni Jumatano, hayupo. Ngoja Alhamisi. Dada wa Upanga, wale wa thali wanafungua saa ngapi mchana?